Mtafiti wa Dawa za Protini Anafanya Nini Hasa?

Tangu Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024 ilipokwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper, kuna swali linalonirudia kila ninapozungumza na vijana wanaosoma sayansi. Wamesikia kwamba kompyuta sasa inatabiri umbo la protini, na kwamba inaweza hata kubuni protini ambazo hazijawahi kuwapo duniani. Basi wanauliza: je, bado kuna haja ya kusomea kazi ya maabara?

Wazazi wao wana swali lao, la msingi zaidi. Wanamsikia mtoto akisema anataka kutafiti protini, wao wanadhani ni habari za lishe, au ule unga wa kujenga misuli. Wengine wanadhani ni kazi ya kupima damu hospitalini. Nitajibu maswali yote mawili, ila nitaanza na la wazazi, kwa sababu asiyejua protini ni kitu gani hawezi kuona kompyuta imefanya nini na imeacha nini.

Protini si chakula tu

Protini ya kwenye lishe na protini ya mtafiti wa dawa ni kitu kile kile kinachotazamwa kutoka pande mbili. Kwenye lishe, protini ni malighafi: mwili unaivunja vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kisha unavitumia vipande hivyo kujenga protini zake wenyewe. Mtafiti wa dawa anashughulika na hizo zinazojengwa. Ndani ya mwili mna maelfu ya aina za protini, na karibu kila kazi inapitia kwao: kubeba oksijeni kwenye damu, kusaga chakula, kukaza msuli, kupeleka taarifa kutoka kiungo kimoja hadi kingine, kutambua kirusi kilichoingia.

Fikiria uzi wa shanga. Shanga ni asidi amino, nazo ziko aina 20, na mpangilio wake umeandikwa kwenye jeni. Uzi huo haubaki umenyooka. Unajikunja wenyewe, karibu kila mara kwa namna ile ile, mpaka unakuwa donge lenye mabonde na ncha mahali maalumu. Umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake. Bonde fulani hupokea molekuli fulani kama kufuli linavyopokea ufunguo wake. Umbo likiharibika, kazi inakwisha hata kama shanga zote zipo.

Jambo hilo umeshaliona kwa macho yako. Ute wa yai ukipata moto unageuka mweupe na mgumu. Hakuna shanga iliyopotea pale. Nyuzi zimekunjuka na kunasana ovyo, na hata ukilipoza yai halirudi lilivyokuwa. Mtu anayefanya kazi na protini anaishi na hofu hiyo ya yai kila siku, na nusu ya taratibu zake za kazi zipo ili kuizuia isitokee.

Dawa ya protini, basi, ni protini iliyotengenezwa kwa makusudi ili iingie mwilini ifanye kazi fulani. Insulini ni mojawapo, nayo ni ndogo: ina asidi amino 51 tu. Kundi kubwa zaidi ni kingamwili, zile protini zenye umbo la herufi Y ambazo mwili huzitengeneza ili zishike vijidudu, na ambazo maabara siku hizi huzitengeneza ili zishike karibu chochote tunachotaka kishikwe. Kingamwili moja ya aina inayotumika sana ina asidi amino zaidi ya 1,300. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni kingamwili inayoshika protini iitwayo HER2, ambayo hujaa kupita kiasi juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti.

Ukubwa huu ndio unaozitenga dawa za protini na vidonge vya kawaida. Uzito wa molekuli ya aspirini ni kama 180. Wa kingamwili ni kama 150,000. Aspirini ikiwa baiskeli, kingamwili ni basi lililojaa abiria. Aspirini unaweza kuitengeneza kwa kuchanganya kemikali. Kingamwili haitengenezeki hivyo. Inabidi ijengwe na seli hai, kwa sababu hatuna mtambo mwingine wa kuunga shanga 1,300 na kuzikunja sawasawa. Na kwa kuwa tumbo limeumbwa kuvunja protini, nyingi ya dawa hizi hudungwa kwa sindano, na kabla ya hapo hutunzwa kwenye ubaridi. Zipo chache zilizopenya: semaglutide, ambayo ni uzi mfupi wa asidi amino 31, iliidhinishwa Marekani kama kidonge mwaka 2019, tena kwa kusaidiwa na kemikali nyingine inayoikinga tumboni. Bado sindano ndiyo njia ya wengi.

Jina ambalo halitajwi sana

Kabla sijaeleza kazi zenyewe, naomba nisimulie kisa kimoja, kwa maana sijaona maelezo ya kazi hii yanayoipita historia yake.

Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, daktari wa upasuaji Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walikuwa wakitafuta ndani ya kongosho za wanyama kitu kinachoshusha sukari ya damu. Profesa John Macleod ndiye aliyewapa maabara. Tarehe 11 Januari 1922, dondoo walilolipata lilidungwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, ambaye kisukari kilikuwa kinammaliza. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali alipodungwa pakafanya usaha. Dawa ilikuwamo ndani ya lile dondoo, lakini ilikuwa imezama kwenye uchafu wa vitu vingine vya kongosho.

Hapo ndipo anapoingia James Collip, mwanabiokemia. Alilichukua dondoo akawa anabadilisha kiwango cha alkoholi, hatua kwa hatua, akipima kila mara. Akaona kwamba kwenye kiwango fulani uchafu mwingi unajitenga na kutuama huku insulini ikibaki imeyeyuka; ukiipandisha alkoholi mpaka inapita asilimia 90, insulini nayo inatuama, na unaweza kuichukua ikiwa safi zaidi. Tarehe 23 Januari Leonard alianza kudungwa dondoo la Collip. Safari hii sukari ilishuka kweli, nguvu zikamrudia, akaishi miaka mingine 13.

Kisha likatokea jambo ambalo kila mtu wa maabara atalielewa. Walipojaribu kutengeneza dawa ile kwa wingi, Collip mwenyewe alishindwa kurudia alichokifanya kwenye vyombo vidogo, na kwa wiki kadhaa insulini ikaadimika huku wagonjwa wakingoja. Ilibidi njia itafutwe upya. Nobeli ya mwaka 1923 ilitolewa kwa Banting na Macleod; Banting akagawana fedha zake na Best, Macleod akagawana zake na Collip.

Ndani ya kisa hicho mna kazi tatu tofauti: kukigundua kitu, kukisafisha mpaka kiwe dawa, na kukitengeneza kwa wingi bila kukiharibu. Watu wengi wakisikia neno utafiti wanaifikiria ile ya kwanza peke yake. Watu wengi walioajiriwa katika fani hii wanafanya ya pili na ya tatu, na bila wao Leonard asingepona.

Kutoka mkono hadi mkono

Njia rahisi ya kuzielewa ajira hizi ni kuifuata protini moja tangu ikiwa wazo. Tuseme tunatafuta kingamwili ya kutibu ugonjwa fulani.

Wa kwanza ni mwanabiolojia wa ugonjwa. Yeye anauliza: ni protini gani mwilini ambayo tukiizuia, au tukiiamsha, ugonjwa utarudi nyuma? Hiyo inaitwa shabaha. Kazi hii inaonekana ya kinadharia, lakini kosa la hapa ndilo la gharama kubwa kuliko yote, maana shabaha isiyofaa inaweza kugundulika baada ya miaka kumi ya kazi za wengine.

Shabaha ikishapatikana, anatafutwa mshikaji wake, yaani kingamwili itakayoishika. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaliana, wakapata seli inayotoa kingamwili ya aina moja bila kikomo. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Ikaleta tatizo: mwili wa binadamu uliitambua kuwa ni protini ya panya na kuishambulia. Greg Winter, naye wa Cambridge, alionyesha jinsi ya kubadilisha sehemu za panya kwa sehemu za binadamu na kubakiza ncha zile tu zinazoshika. George Smith alikuwa ameonyesha mwaka 1985 kwamba kirusi kinachoshambulia bakteria kinaweza kubebeshwa protini ngeni juu ya ganda lake huku jeni yake ikiwa ndani. Ukiziunganisha mbinu hizo, unamwaga mabilioni ya virusi juu ya shabaha, unaosha vile ambavyo havikushika, unavizalisha vilivyoshika, na ndani yake unasoma jeni ya kingamwili unayoitafuta. Adalimumab, dawa ya baridi yabisi iliyoidhinishwa mwaka 2002, ilipatikana kwa njia ya familia hii. Smith na Winter walipata Nobeli mwaka 2018. Kwenye maabara, kazi hii ya kumwaga, kuosha na kuchagua hufanywa na vijana wenye shahada ya kwanza au ya uzamili, wiki baada ya wiki.

Sasa tuna jeni. Jeni si dawa. Mtu wa uzalishaji anaiingiza kwenye seli ili seli imtengenezee protini, na hapa anachagua mwenyeji. Bakteria ni wepesi na gharama yao ni ndogo. Insulini ya binadamu ilitengenezwa ndani yao mara ya kwanza mwaka 1978 na wanasayansi wa kampuni ya Genentech na kituo cha utafiti cha City of Hope, Marekani, ikaidhinishwa kuwa dawa mwaka 1982, na tangu hapo wagonjwa wakaacha polepole kutegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe. Lakini bakteria wakipewa protini kubwa na tata, mara nyingi huikunja vibaya, nayo ikajaa ndani yao kama mabonge yasiyo na kazi. Ni lile yai tena. Hamira ina uwezo zaidi. Kwa kingamwili, wanaotegemewa zaidi ni seli zilizotokana na ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo anayefanana na panya, ambazo zimekuwa zikizalishwa maabara tangu miaka ya 1950, kwa sababu zinakunja vizuri na zinaweza kubandika juu ya protini sukari zinazofanana na zetu. Mtu anayezilea seli hizi anazijua kama mfugaji anavyoijua mifugo yake: anajua zikiwa na njaa, zikiwa zimesongamana, zikiwa zimepata vijidudu.

Halafu unakuja usafishaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiona imepewa heshima ndogo kuliko inavyostahili. Kilichotoka kwenye seli ni supu. Ndani yake mna protini yako, na pamoja nayo protini nyingine nyingi, mabaki ya DNA, na takataka za seli zilizokufa. Supu hiyo inapitishwa kwenye kolamu, yaani bomba lililojazwa chembe ndogo mno zenye tabia ya kushika kitu fulani na kukiacha kingine. Kwa kingamwili, chembe hizo hufunikwa protini A, ambayo asili yake ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Bakteria huyo huitumia kuvuruga kinga za mwili; watafiti wameigeuza kuwa ndoana. Kingamwili zinanasa, uchafu unapita, kisha unabadilisha uchachu wa maji nazo zinaachia. Ukizichelewesha kwenye uchachu huo zinaanza kuharibika. Ukizimwaga haraka mno zinapigana na mapovu. Baada ya hapo inafuata kolamu nyingine ya kutenganisha kwa chaji, na nyingine ya kutenganisha kwa ukubwa, ili zile zilizogandamana mbili mbili ziondoke, maana protini zilizogandamana zinaweza kuufanya mwili wa mgonjwa uamshe kinga dhidi ya dawa yenyewe. Mtu mmoja anaweza kutumia mwezi mzima kuitafutia protini moja kiwango cha chumvi kinachoifaa. Hakuna gazeti litakaloandika habari hiyo, lakini asipofanya, kila kipimo kinachofuata kitakuwa kinapima uchafu.

Wengine wanaoipokea nitawataja kwa haraka. Mwanabiolojia wa maumbo huigandisha protini au kuifanya fuwele, akaipiga picha kwa miale ya eksirei au kwa darubini ya elektroni, aone atomi zimekaaje. Mhandisi wa protini hubadilisha shanga moja hapa na nyingine pale ili ishike kwa nguvu zaidi au idumu zaidi kwenye damu. Mtu wa uundaji wa dawa hutafuta maji, chumvi na sukari za kuihifadhi mpaka ikae miaka miwili kwenye jokofu bila kugandamana. Na kuna mtu wa kukuza uzalishaji, mrithi wa lile tatizo la Collip, anayehakikisha kwamba kilichofanyika kwenye chupa ya mililita kinafanyika vile vile kwenye pipa la maelfu ya lita.

Kipimo ni swali

Kazi moja nimeiacha makusudi, ile ya kubuni vipimo. Kipimo ni jaribio linalojibu swali kuhusu protini: je, inashika? Inashika kwa nguvu gani? Ikishika, seli inafanya nini? Huonekana kama kazi ya kurudia rudia, kujaza sahani za plastiki zenye vishimo 96 na kusoma tarakimu. Lakini kipimo kinaweza kutoa tarakimu nzuri kabisa na bado kikawa kimeuliza swali lisilofaa.

Mwezi Machi 2006, jijini London, wanaume sita wenye afya njema walijitolea kudungwa kingamwili mpya iliyoitwa TGN1412. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu. Kiwango walichopewa kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa nyani. Baada ya muda mfupi wote sita walianza kuugua. Kinga zao ziliwaka zote kwa pamoja na viungo vyao vikaanza kushindwa kazi. Walilazwa kwenye uangalizi mahututi. Wote walipona kifo, ingawa si wote walitoka wakiwa wazima kama walivyoingia.

Kabla ya hapo, kingamwili ile ilikuwa imejaribiwa kwenye seli za binadamu maabara bila dalili ya hatari. Wachunguzi waliporudi mezani waligundua jambo ambalo hunisisimua kila nikilikumbuka: ikiwa inaelea kwenye kimiminika, ilizifanyia seli kitu kidogo sana, lakini ikibandikwa kwenye ukuta wa kishimo, seli zile zile zililipuka kwa kemikali za uvimbe. Seli za kinga za nyani waliojaribiwa nazo, aina ile hasa iliyowaka kwa binadamu, hazikuwa na shabaha hiyo juu yake. Tangu hapo, dawa zinazogusa mfumo wa kinga hupimwa kwa namna hiyo na nyingine za aina yake kabla hazijamfikia mtu. Tofauti kati ya kuelea na kubandikwa ni tofauti ya hatua moja katika utaratibu wa fundi wa maabara, na ndiyo iliyokuwa imesimama kati ya wale wanaume sita na vitanda vya hospitali.

Kompyuta imefanya nini, basi?

Imefanya jambo kubwa sana, na silipunguzi. Max Perutz alianza kutafuta umbo la himoglobini, protini inayobeba oksijeni, mwaka 1937, akalipata zaidi ya miaka 20 baadaye. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold, ya akina Hassabis na Jumper, ilionyesha kwamba inaweza kutabiri maumbo mengi kwa usahihi unaokaribia ule wa maabara, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa imetoa makisio ya maumbo zaidi ya milioni 200. Baker na wenzake wamekwenda upande wa pili: wanaanza na umbo wanalolitaka, kompyuta inawapa mpangilio wa shanga utakaojikunja hivyo.

Lakini angalia programu hiyo ilisomea wapi. Ilifunzwa kwa hazina ya maumbo iliyofunguliwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu, na ambayo watu wa maabara waliijaza, moja moja, mpaka yakapita 100,000. Akili unde ilivuna shamba lililolimwa kwa mikono kwa nusu karne. Na inapotoa kisio, inatoa kisio. Inaweza kukuambia mpangilio huu utajikunja hivi. Kama seli itakubali kuutengeneza, kama utagandamana ukikolea, kama utadumu kwenye damu, kama kinga ya mgonjwa itaukataa, kama kuizuia shabaha ile kunatibu ugonjwa wowote, hayo bado yanapimwa.

Kilichobadilika ni uwiano. Zamani maabara ilihangaika kupata mshikaji mmoja. Sasa kompyuta inaweza kuleta washikaji 500 kabla ya chakula cha mchana, na kila mmoja anasubiri kuzalishwa, kusafishwa na kupimwa. Foleni imehamia kwenye meza ya maabara. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeuliza kama asome maabara au kompyuta ni kwamba asome maabara, na ajifunze kuandika programu ndogo za kuchambua data zake mwenyewe. Mtu anayeweza kuzungumza na pande zote mbili hapati shida kueleweka popote, na bado si wengi.

Elimu, na mambo ambayo watu huyachanganya

Kuna dhana kwamba bila shahada ya uzamivu huna nafasi. Si kweli, ingawa ina punje ya ukweli ndani yake. Mafundi sanifu wenye stashahada huendesha vifaa na kulea seli. Wenye shahada ya kwanza ya biokemia, biolojia ya molekuli, kemia au uhandisi wa kemikali hufanya sehemu kubwa ya majaribio ya kila siku, na wenye uzamili hupewa miradi midogo ya kujitegemea. Uzamivu unahitajika pale unapotaka kuwa mwenye kuamua swali gani liulizwe. Mtu anaweza kufika mbali bila hiyo katika uzalishaji, usafishaji na udhibiti wa ubora. Katika kuchagua shabaha atakuta mlango mwembamba zaidi. Ni vema kulijua hilo mapema kuliko kugundua ukiwa na miaka 35.

Dhana nyingine ni kwamba chuo kikuu na kampuni ni kazi ile ile yenye mishahara tofauti. Chuoni unafuata swali mpaka uchapishe, na ajira nyingi za wanaomaliza uzamivu ni za mikataba ya miaka michache michache. Kwenye kampuni unafanya kazi na watu wa fani nyingi, vifaa ni bora, lakini mradi ulioupenda unaweza kufungwa asubuhi moja kwa sababu isiyohusiana kabisa na ubora wa kazi yako. Kampuni changa hukupa mambo mengi ya kufanya, nazo hufa kwa urahisi. Sioni aibu kulisema hili kwa vijana, kwa sababu anayeingia akijua huvumilia zaidi.

Na kuna hili la vichwa vya habari. "Wanasayansi wagundua dawa ya saratani" mara nyingi ina maana kwamba protini fulani imezuia uvimbe kwa panya, au hata kwa seli zilizo kwenye sahani. Kutoka hapo hadi kwa mgonjwa huchukua kama miaka 10 hadi 15, na katika kila dawa kumi zinazofika kwenye majaribio kwa binadamu, kama tisa huishia njiani. Maana yake kwa ajira ni nzito: mtafiti mzuri, mwenye bidii, anaweza kustaafu bila hata protini yake moja kufika kwenye duka la dawa. Nawafahamu wanaoumizwa na hilo, na nawafahamu wanaoishi nalo vizuri. Wanaoishi nalo vizuri karibu wote huniambia wanachokipenda ni siku yenyewe: kusubiri mstari kwenye skrini uanze kupanda wakati protini inatoka kwenye kolamu, na kujua ni saa ngapi itatoka kwa sababu wameshaizoea.

Anayetaka kujiandaa akiwa bado shuleni asiidharau kemia kwa kudhani hii ni biolojia tupu, na asiikimbie hesabu, maana utakuwa unakokotoa viwango na kusoma takwimu kila siku ya kazi. Akifika chuoni, atafute nafasi ya kukaa kwenye maabara inayozalisha protini, hata miezi mitatu, hata kama kazi yake itakuwa kuandaa chumvi za kuyeyushia. Pale atajifunza kushika pipeti bila kutetemeka, na zaidi ya hapo, kuandika daftari la maabara kwa namna ambayo mgeni akilisoma anaweza kurudia jaribio lote: tarehe, kiasi, chupa ipi, joto gani, na kilichoharibika.

Sehemu hiyo ya mwisho, kilichoharibika, ndiyo ambayo wanafunzi huiacha kwa aibu. Wanaowahoji waombaji wa kazi hizi huiulizia moja kwa moja: tueleze jaribio lililokushinda, ulidhani tatizo ni nini, na ulifanya jaribio gani la pili kujua kama dhana yako ni sahihi. Aliyeliandika ana jibu.